Mwandishi Rajabu Hakupika Dhahabu

Shimo la kwanza walilichimba nyuma ya choo, la pili chini ya dirisha la chumba cha kulala. La tatu nililiona kwa macho yangu siku ya hitima ya Mama Zuhura, mjane wa Mzee Rajabu. Lilikuwa katikati ya ua, kina chake cha kumfika mtu kiunoni, na udongo wake ulikuwa bado mbichi, kwa sababu walilichimba siku ya mazishi, wakati watu wote wamekwenda makaburini. Wanawake tulitandika mikeka tukalizunguka, tukawa tunapokezana visahani vya tende juu yake. Jirani mmoja, msichana ambaye mwaka ninaotaka kuusimulia alikuwa hajazaliwa, aliniinamia sikioni akanieleza kisa kana kwamba mimi ni mgeni wa mji. Marehemu bwana wa nyumba hii, aliniambia, alikuwa anapika dhahabu. Alikuwa anachemsha misumari na majani, anasema maneno, anafunika chungu, na akifunua ni dhahabu tupu. Alizika chungu kizima hapahapa mtaani Buyenzi. Wengine wanasema hata hakufa, kaburi lile ni tupu, yeye yuko Ujiji anauza cherehani na hazeeki. Nilimwambia haya, nimesikia. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye, na kwa kweli miaka yangu hii ya sasa mambo mengi nayaacha yapite.

Mzee Rajabu alikuwa mwandishi. Hakuwa na kazi nyingine. Aliandikia watu barua kwa kalamu, kwa mwandiko ambao sijaona mwingine kama ule, na kwa mwaka mmoja mimi nilikuwa mwenzake wa kazi. Ndiyo maana baada ya dua Zuhura, binti yake wa pekee, ambaye siku hizi naye ana mvi mbili tatu, alinivuta jikoni akaniambia, "Dada Goreti, we ulikuwa daktilo, mupiga mashine yake. Uliona kila kitu. Niandikie hii habari ya baba vizuri, niiweke kwa mulango, batu baache kunichimbia nyumba." Nikamjibu kwamba nitaandika. Sikumwambia kwamba ile dhahabu, kabla haijaingia kwenye midomo ya watu, ilitoka kwenye mdomo wangu. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, na wakati nafunga viatu vyangu pale kizingitini nilijua kwamba safari hii ama nitalisema ama nitakufa nalo.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ambargo, nchi jirani zilipotufungia mipaka. Ofisi nilimokuwa nachapa ilifunga milango kwa kukosa karatasi na umeme na, nadhani, kwa kukosa lolote la kuandika. Mkubwa wangu alinipa mashine ya kuandikia badala ya mshahara wa miezi ya mwisho, jitu la chuma lenye uzito wa mbuzi, nami nikaibeba mpaka Musaga nilikokuwa naishi na mama. Siku zile mji ulikuwa umekatwa vipande. Kila mtaa ulikuwa na watu wake, na ukikanyaga mtaa usio wako ulikuwa hurudi. Sisi wa Musaga tulikuwa na mipaka yetu, wale wa kaskazini walikuwa na yao. Mahali pa wote palikuwa padogo sana: soko, Buyenzi ya Waislamu, ambao walikataa kabisa kuulizana mtu ni nani, na mtaa wa maduka tunaouita Asiatique. Hapo Asiatique, kwenye baraza ya duka la vitambaa, ndipo Mzee Rajabu alipokuwa na meza yake. Nilimkuta anaandika, nikasimama na mashine kichwani. Alimaliza mstari wake kwanza, akapangusa kalamu, ndipo akainua uso. "Unajua kifaransa ya maombi?" Nikasema najua. "Basi keti. Miye najua kiswahili ya machozi."

Tulifanya kazi hivyo. Karatasi za serikali, maombi ya kazi, vyeti vya kupotelewa na kitambulisho, hayo yalikuwa yangu. Barua za watu kwa watu zilikuwa zake. Nyuma ya meza kulikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia chumba kisicho na dirisha ambamo mwenye duka alimruhusu kuweka jiko la makaa. Mimi nilikaa mezani pembeni yake, mgongo kwenye pazia, kwa hiyo mwaka mzima nilisikia yasiyonihusu. Alikuja mama mmoja kutoka kaskazini ambaye mume wake alikuwa kambi ya wakimbizi Tanzania. Mtoto wao wa mwisho alikuwa amekufa. Alitaka mume aandikiwe kwamba wote wazima, asije akarudi kwa uchungu akauawa njiani. Mzee Rajabu aliweka kalamu chini. Akamwambia, taratibu, kwamba barua si lazima iseme kila kitu, lakini yeye haandiki la uongo, mkono wake haujui njia hiyo. Mimi nikaacha kuchapa kwa aibu ya kelele. Mwishowe waliandika kuhusu paa, mahindi na wale watoto wawili wakubwa, na yule wa tatu hakutajwa. Kisha akamsomea barua yote kwa sauti, kama alivyomsomea kila mtu, akauliza swali alilomuuliza kila mtu kabla ya kukunja: "Ni maneno yako?" Mama yule akasema, "Ni yangu." Nilimwona anavyoondoka ameshikilia bahasha kwa mikono miwili.

Tatizo lilikuwa wino. Ambargo ilipokaza, wino wa chupa ulikwisha dukani, na kalamu za kawaida zilizobaki zilikuwa zimekauka tangu kiwandani. Mzee alicheka. Alisema babu yake huko Ujiji alinakili vitabu kabla ya Mzungu kuleta chupa. Akaanza kupika. Chai hatukuikosa, maana ile ya milimani kwetu ilikosa wa kuiuza nje, na vumbi lake lilipatikana kwa bei ya bure. Alilichemsha nusu siku mpaka likawa zito. Kando alikuwa na kopo la misumari yenye kutu iliyolala kwenye siki. Alichanganya viwili hivyo, akatia ulimbo wa mgunga kidogo, akachuja kwa kitambaa. Wino ule ukiuandika unatoka hafifu, rangi ya maji ya chai, unadhani umeharibu karatasi. Ukisubiri, unageuka mweusi mbele ya macho yako, na hautoki tena hata kwa maji. Wateja walipenda kusubiri wauone ukigeuka. Nilipenda pia. Katika mwaka ule mambo yote yalikuwa yanageuka kuwa mabaya, na hili peke yake lilikuwa linageuka kuwa lilivyotakiwa. Hata utepe wa mashine yangu tuliuloweka humo, ukafufuka.

Mchana nilikula kwao Buyenzi, kwa kuwa Musaga ni mbali na pesa ya basi ilikuwa ya kwenda na kurudi mara moja tu. Tulikula sinia moja, Mzee, mke wake, Zuhura wa miaka kumi na mmoja, na mimi, wali siku za Ijumaa na siku nyingine ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mama Zuhura alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Alikuwa akinisogezea ndagala upande wangu bila kunitazama, na nikimaliza ananiwekea chai ya tangawizi, hata siku ambazo sukari haikuwepo. Mikononi alikuwa na bangili mbili za dhahabu za bibi yake. Nilizijua kwa sauti kabla sijazijua kwa macho, maana zilikuwa zinagongana alipokuwa anasonga ugali.

Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Dawa yake ya sindano ilikuwa inapita kwa magendo kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na bei yake ilikuwa inapanda kila wiki. Nilipofika mwisho wa pesa sikumwambia mtu, ila siku moja nilishindwa kula. Mama Zuhura aliniita jikoni, akaniuliza mpaka nikamwambia. Alipaka sabuni kwenye viganja, akazivuta bangili moja moja mpaka ngozi ikawa nyekundu, akazifunga kwenye kitambaa. "Peleka kwa sonara. Aziyeyushe mbele yako, zisijulikane. Muzee asijue. Mutu yeyote asijue. Mwanamuke wa Buyenzi akivua bangili, banasema bwana yake ameshindwa kumulisha. We unanisikia, Goreti? Nisitiri." Nikamwambia nimesikia. Nililia, naye akaniambia niache, nitazima moto na moshi utazidi. Kwa mumewe alivaa mikono mirefu kuanzia siku ile, na akamwambia kwamba bangili ameziweka kabatini kwa ajili ya wezi.

Sonara aliziyeyusha. Zikawa donge dogo la njano, kama punje ya hindi iliyotafunwa, halina sura ya bangili wala ya kitu chochote. Lakini siku ile hakuwa na fedha mkononi, akaniambia nirudi nalo kesho asubuhi. Nikalibeba hadi Musaga kwenye pindo la kitenge. Mama alikuwa amelishika kwenye mwanga wa dirisha, analigeuzageuza, Fideli alipoingia. Fideli ni binamu yangu, kijana wa doria ya mtaa, mcheshi, na ndiye aliyekuwa akinisindikiza kituoni asubuhi. Akauliza limetoka wapi. Nilikuwa na ukweli mmoja tu na nilikuwa nimeapa kuusitiri. Ningeweza kusema nimeokota. Ningeweza kumwambia hayamhusu. Badala yake nilicheka. Nikasema, "Muzee wangu anapika. Anachemsha misumari na majani ya chai, inageuka zahabu. We ulifikiri tunaandika barua tu pale?" Fideli akacheka pia, mama akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mama akicheka tangu mvua za kwanza. Nilijiona hodari. Nilikuwa nimeficha siri ya mwanamke mmoja kwa mzaha, na nilidhani mzaha hauna miguu.

Baada ya wiki tatu hivi wateja walianza kubadilika. Walikuja watu wasio na barua. Walikaa kwenye benchi wakatazama pazia. Mmoja aliuliza chai ile ni ya kilima gani. Mwingine alileta misumari yake mwenyewe, kilo nzima, akaomba apikiwe. Mimi nilikuwa naona, na nilikuwa naelewa, na bado kwa siku chache nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Mzee Rajabu hakuelewa. "Goreti," aliniuliza, "hawa batu banatafuta nini mu chungu yangu?" Nikasema, "Sijui, Muzee." Hayo ndiyo maneno mawili ambayo nikiambiwa leo nichague ya kufuta katika maisha yangu yote, nitafuta hayo.

Walikuja adhuhuri, vijana wanne. Wawili niliwajua kwa sura, wa kwetu Musaga. Fideli hakuwepo. Mwenye duka alishusha mlango wake wa chuma, akaondoka. Waliingia nyuma ya pazia na Mzee, wakanivuta na mimi nishuhudie. Mkubwa wao alikuwa na adabu. Alisema, "Muzee, tuliambiwa unapikaka zahabu. Sisi hatutaki kukuumiza. Pika, tuone." Mzee Rajabu akasema huo ni wino. Wakasema pika. Akapika. Alipika kama siku zote, nusu siku nzima, hakuruka hatua: akapima chai, akachuja, akatoa misumari mmoja mmoja kwa koleo. Jasho lilikuwa linamtoka. Wale vijana waliinama juu ya chungu kama watoto wanaongoja uji. Kijana mmoja alimuuliza kwa heshima kama ni sasa atasema yale maneno. Nami nilisimama ukutani nikijua kwamba sentensi moja tu ingemaliza jambo lile: ile dhahabu ilikuwa bangili, amezivua mke wake, mnaweza kumuuliza sonara. Sentensi fupi. Nilijiambia kwamba nimeapa. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Kama ningeisema, swali la pili lingekuwa nani basi aliyesema habari za kupika, na Mzee angenitazama.

Wakachovya kijiti, wakapaka kwenye karatasi. Ikawa hafifu, manjano kwa mbali, na mmoja wao akashika bega la mwenzake. Tulisubiri wote. Ilianza kugeuka. Iligeuka mbele ya macho yao, ikaenda kahawia, ikaenda nyeusi, ikakaa hapohapo. Yule mwenye adabu akaiweka karatasi chini. Akamuuliza Mzee anaandikia mkono gani. Kidole cha kati cha Mzee kilikuwa na doa la wino, mtu yeyote angejua. Waliuweka mkono ule juu ya meza. Walichukua mashine yangu, wakaiinua wawili, wakaiachia. Waliirudia mara ya pili. Mzee Rajabu alitoa sauti ambayo sitaiandika.

Mfunga mifupa wa Buyenzi alifanya alichoweza. Vidole vilipona vimejikunja kwa ndani, havikufunguka tena, na kuandika kwa kushoto hakujifunza. Nilibaki naye miezi saba iliyosalia. Mashine ilikuwa imepinda, basi tulibaki na kalamu, na kalamu niliishika mimi. Yeye alisema, mimi niliandika. Alikuwa ananirekebisha mkia wa herufi kwa subira, hakunikemea. Na kila barua ikiisha aliisoma kwa sauti, akamuuliza mwenyewe kama ni maneno yake, na mimi nilikuwa natazama meza. Nilimsikia akisema hivyo labda mara mia tano. Kwao Buyenzi sinia lilikuwa halipo tena. Zuhura alikuwa anamlisha baba yake kwa kijiko kwenye kona, nikadhani ni haya ya mwanamume kulishwa mbele ya wageni. Mama Zuhura aliendelea kuniwekea chai ya tangawizi. Hakuniuliza lolote. Ofisi ilipofunguliwa tena nilirudi ofisini, nikaolewa, nikahamia Kinanira, mwendo wa basi moja tu kutoka Buyenzi. Mama yangu aliishi miaka minne zaidi kwa sindano, za kwanza zikiwa za zile bangili. Mzee Rajabu alikufa kabla vita havijaisha, na kwenye mazishi yake nilisikia mtu nyuma yangu akisema amekwenda na siri yake.

Nilirudi kwa Zuhura siku tatu baada ya hitima, mchana, bila karatasi yoyote. Alikuwa peke yake. Shimo lilikuwa bado halijafukiwa. Nikamwambia yote, tangu sabuni kwenye viganja mpaka mzaha kwa Fideli, mpaka ukutani nilipokaa kimya. Nilisema kwa haraka, bila kupumzika, kwa kuwa niliogopa ningesimama. Nilipomaliza, hakulia wala hakupandisha sauti. Aliendelea kuchambua mchele kwenye ungo, punje kwa punje, kisha akaacha, ungo ukiwa magotini.

"Mama alisema ni yeye," akasema.

Sikuelewa.

"Ile juma baba alivunjwa mukono. Mama alimuambia, 'Ni miye, nilijisifu kwa bomba ya maji, nikasema bwana yangu anapika zahabu.' Miye nilikuwa nyuma ya mulango, nilisikia na masikio yangu. Baba hakumupiga. Hakumufukuza. Aliacha tu kukula chakula yake. Mpaka anakufa, Dada Goreti. Ni miye nilipika, ni miye nilimulisha, mutoto wa miaka kumi na moja."

Nikamuuliza kwa nini mama yake alifanya vile. Niliuliza kama mjinga, maana jibu lilikuwa limekaa mbele yangu. Mtu mmoja tu nje ya nyumba ile alijua kuna dhahabu. Mama Zuhura alijua siku ileile. Kama angenitaja, ningefukuzwa, na mimi ndiye nilikuwa mkono wa Mzee, kile nilichoandika ndicho walichokula. Basi alijitaja yeye, akaniwekea chai. Bangili hakuzitaja hata hapo. Zuhura hakunieleza hayo, niliyapanga mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na huenda kuna sababu nyingine ambayo amekwenda nayo.

"Mi nilimuchukia," Zuhura akasema. "Miaka yote. Juma iliyopita nilimuosha. Kichwa, mikono, miguu. Batu bakiosha mayiti banamuongelesha, banamuomba samahani, na bo banamusamehe. Bale bamama baliniambia, sema na mama yako, Zuhura, ni mara ya mwisho. Sikusema. Nilimumwagia maji tu."

Nilinyoosha mkono, akausogeza ungo ili nisimfikie. Hakufanya kwa hasira. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Na we miaka yote ile ulikuwa wapi?"

"Kinanira," nikasema.